Tuandikishane kwanza, ndipo uonyeshe

Tarehe 21 Novemba 2009, jijini Los Angeles nchini Marekani, mwanamke mmoja aliletewa watu sita asiowajua. Kwa muda mrefu alikuwa akisema kwamba anaona ndani ya miili ya watu bila mashine wala kipimo chochote. Mmoja kati ya wale sita alikuwa na figo moja tu. Alitakiwa amtaje ni nani, na aseme kama figo iliyokosekana ni ya kulia au ya kushoto. Baada ya hapo wangekuja sita wengine, halafu sita wengine tena. Dai lake lilihusu zawadi ya dola 50,000, na ili lisimame alipaswa kupatia mara zote tatu.

Alipatia mara moja, akakosa mara mbili.

Waliosimamia jaribio hilo hawakuwa maprofesa waliotumwa na chuo wala maofisa wa serikali. Ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine, wanaotoa muda wao kupima madai ya miujiza: kusoma mawazo, kuzungumza na wafu, kugundua maji kwa kijiti, kuponya kwa kunyoosha mkono. Kundi lao lilianzishwa mwaka 2000 na James Underdown katika kituo cha Center for Inquiry kule Hollywood, likiitwa Independent Investigations Group. Siku hizi linaitwa Center for Inquiry Investigations Group, na zawadi yake imepanda hadi dola 500,000. Hakuna aliyewahi kuichukua.

Wengi wakisikia habari za kundi kama hili hudhani kazi yake ni kuumbua watu. Waumini huliona kama genge la wakorofi wasioamini kitu, na wasioamini hulishangilia kama timu ya mpira. Mimi naona pande zote mbili zinatazama siku ya jaribio na kusahau wiki na miezi inayoitangulia, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mwenye dai na wapimaji hukaa wakaandikishana. Unasema unaweza nini hasa? Katika hali gani? Kitu gani kinakusumbua, kelele, mwanga, umbali? Ukipatia ngapi tukubali kwamba umeweza? Na ukipatia ngapi wewe mwenyewe utakubali kwamba hukuweza? Wote wakiridhika wanatia saini. Bila saini hakuna jaribio.

Angalia kazi ya karatasi ile katika jaribio la figo. Watu sita, kila mmoja ana pande mbili, hayo ni majibu 12. Anayebahatisha ana nafasi moja katika 12 ya kupatia raundi moja, na nafasi moja katika 1,728 ya kupatia zote tatu mfululizo. Lakini kupatia angalau raundi moja kati ya tatu ni jambo jepesi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa linaweza kumtokea karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Wachukue abiria 20 wa daladala, uwaambie wabahatishe figo za watu 18 kwa utaratibu uleule, na karibu watano kati yao watashuka wakiwa wamepatia angalau mara moja. Hakuna hata mmoja wao mwenye macho ya ajabu.

Sasa ondoa karatasi. Yule mwanamke angerudi kwao na ushuhuda wa kweli kabisa: mtu asiyemjua, amevaa nguo zake, na yeye akaitambua figo isiyokuwepo, tena upande wake. Nani angembishia? Makosa mawili yangepewa sababu, kwamba alikuwa amechoka, au taa zilikuwa kali, au watu walikuwa na roho nzito. Ile moja ingesafiri. Hivi ndivyo sifa za waganga wetu wengi zinavyojengwa, na aghalabu hakuna anayesema uongo. Aliyepatiwa anasimulia harusini, msibani na kwenye basi, ilhali aliyekosewa anakaa kimya kwa aibu, au anaambiwa hakufuata masharti. Baada ya miaka kumi kijiji kizima kina hadithi za kupatia tu.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Ujerumani. Mwaka 1990, mjini Kassel, jumuiya ya wapimaji wa madai ya aina hii iitwayo GWUP iliwaalika watafuta maji wapatao 30, wale wanaotembea na kijiti au waya mkononi na kusema maji yako hapa. Mabomba ya plastiki yalifukiwa sentimita 50 chini ya uwanja tambarare, na mahali kila bomba lilipopita paliwekwa alama juu ya ardhi. Hawakuulizwa bomba liko wapi. Waliulizwa swali moja jepesi: muda huu, maji yanapita au hayapiti? Kabla ya kuanza, kila mmoja alitia saini kwamba jaribio ni la haki na kwamba anatarajia kupatia asilimia mia moja. Siku tatu walipita na vijiti vyao. Matokeo yalikuwa yaleyale ambayo ungeyapata kwa kurusha sarafu.

Watu wale hawakuwa matapeli. Tapeli hatii saini ya asilimia mia moja mbele ya mashahidi. Walikuwa wanaamini, na kijiti kweli kilikuwa kinajongea mikononi mwao. Kinachokisogeza ni misuli ya mwenye kijiti mwenyewe, inayoitikia wazo lake kwa mwendo mdogo asioweza kuuhisi. Huku Afrika Mashariki nako wapo wanaoajiriwa kutembea na vijiti kabla ya gari la kuchimba kisima halijaletwa, na maji yakitoka wanapewa sifa. Sehemu nyingi ukichimba vya kutosha utakuta maji tu. Swali la kuwauliza ni kama wanaweza kuonyesha mahali ambapo ukichimba utakosa, na wakawa radhi tuchimbe hapo pia.

Kuna jambo jingine ambalo wapimaji hawa walirithi kutoka kwa farasi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, jijini Berlin, mwalimu mstaafu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyejibu hesabu kwa kupiga kwato. Mbili kujumlisha tatu, kwato tano. Wataalamu walimchunguza wakakosa hila yoyote. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akagundua siri: Hans alipatia pale tu muuliza swali alipokuwa analijua jibu, na pale tu farasi alipoweza kumwona. Kwato zilipokaribia idadi sahihi, muulizaji alinyanyua kichwa kidogo sana bila kujijua, na farasi akaacha kupiga. Mzee von Osten hakuwahi kuwatoza watu kiingilio, na aliamini kwa moyo wote kwamba farasi wake anajua hesabu. Tangu hapo kanuni ni kwamba anayelijua jibu asiwe karibu na anayepimwa, na anayesimamia naye asilijue.

Nimeisoma habari ya Hans mara nyingi, na kila mara akili yangu hukimbilia kwenye kibanda cha mpiga ramli. Mteja anaingia akiwa na msiba. Mtoto amekufa ghafla, ng'ombe wameporomoka, au biashara imekauka. Mpiga ramli anarusha kete au anatazama maji, anaanza kutajataja. Ni mtu wa karibu. Ni mwanamke. Mtu mzima. Nyumba yake iko upande wa… Mteja anashusha pumzi, anaangalia chini, anamkazia macho mkewe. Amekuja na jina moyoni tayari, na uso wake unalitoa herufi kwa herufi. Akitoka pale atasema kwa uaminifu kabisa kwamba hakumwambia mganga kitu, mganga mwenyewe alimtaja jirani. Kwato zimepigwa, kichwa kimenyanyuka.

Tofauti ni kwamba jibu la Hans halikumdhuru mtu. Huku kwetu jina likishatajwa kuna mtu ana panga. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza hasa, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na moja ya alama zilizotumika kuwatambua ni macho mekundu. Macho hayo wameyapata jikoni. Mwanamke aliyeinamia mafiga kwa miaka hamsini, akipulizia moto wa kuni mbichi na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa katika nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho mekundu. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya dai moja, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Dai hilo halijawahi kuonyeshwa na yeyote, popote, na hakuna aliyemwambia anayelitoa akae chini waandikishane.

Wazee wetu hawakukosa vipimo. Mwambao wa pwani ulikuwa na viapo, kikiwamo kile cha shoka lililopashwa moto, na kusini mwa Tanzania hadi Malawi palikuwa na mwavi, sumu anayonyweshwa mtuhumiwa: akitapika ni mwema, akifa alikuwa mchawi. Ukivitazama vipimo hivi kwa makini utaona vyote vina umbo moja. Anayepimwa ni yule aliyetuhumiwa. Aliyetuhumu amekaa pembeni anasubiri matokeo. Karatasi ya Los Angeles imeugeuza mzigo huo juu chini. Anayesema "mimi naona" ndiye anayesimama katikati ya uwanja. Wengine wote wanabaki kama walivyo, wana haki ya kutodhaniwa vibaya hadi mwenye dai atakapoonyesha. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo kundi lile limetufundisha, kubwa kuliko dola zake.

Umbo lile la zamani halijafa. Magharibi mwa Tanzania, Kigoma, Katavi na Rukwa, watu wanawajua kamchape. Kwingine, Tanga kwa mfano, huitwa lambalamba. Wanaingia kijijini wakijitangaza kuwa wanafichua uchawi, wananchi wanachangishwa fedha, na asiyechanga ameshajiweka kwenye orodha. Kisha wanapita nyumba kwa nyumba. Wanaingia ndani ya chumba cha mtu, wanachimba sakafu au wanapekua dari, wanatoka na pembe, na hirizi, na kichupa chenye kitu cheusi. Umati unapiga kelele. Mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mzee asiye na watoto karibu, anaapa kwamba hajawahi kukiona kitu kile, na kiapo chake hakisikiki. Waliokuwamo ndani ya chumba wakati pembe inapatikana ni wafichuaji wenyewe. Hakuna aliyewakagua mikono, mifuko wala mikunjo ya nguo walipokuwa wanaingia.

Hapa ndipo unapoelewa kwa nini makundi haya ya wapimaji huwaalika watu wa mazingaombwe. Mwanasayansi amezoea vitu visivyomdanganya. Kemikali haimchezei shere. Mwaka 1979 maabara moja ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, kwa fedha za tajiri aliyetaka nguvu za akili zichunguzwe, na vijana wawili wakajitokeza wakisema wanapinda vijiko kwa mawazo. Walikuwa wanamazingaombwe chipukizi waliokubaliana na James Randi, bingwa wa fani hiyo. Waliwahadaa watafiti kwa muda mrefu, hadi mambo yalipowekwa hadharani mwaka 1983. Elimu ya watafiti wale haikuwa haba, ila hawakuwa na mtu wa kuwaambia watazame mkono wa kushoto wakati wa kulia unapunga.

Randi huyo ndiye aliyeivumisha desturi ya zawadi. Mwaka 1964 aliahidi dola 1,000 za mfukoni mwake kwa yeyote atakayeonyesha nguvu zisizo za kawaida katika masharti yaliyokubaliwa na pande mbili. Mwaka 1996 zawadi ikawa dola milioni moja chini ya taasisi yake, ikadumu hadi 2015 bila kuchukuliwa. Amefariki mwaka 2020. Kundi la Los Angeles limebeba mzigo alioutua.

Nililisifu kundi hili, na sasa niseme linapopungukia. Anayekuja kupimwa karibu kila mara ni mtu mkweli. Yule mwanamke wa figo, wale watafuta maji wa Kassel, walikuja kwa sababu waliamini watashinda. Anayejua kwamba anadanganya haji. Mwingereza James McCormick aliziuzia nchi nyingi kifaa kiitwacho ADE 651, mpini wa plastiki wenye antena inayoning'inia, akidai kinagundua mabomu kwa umbali mkubwa. Hakikuwa na betri, na asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa kwa chini ya dola 20. Ni kijiti cha watafuta maji kilichovishwa sare ya jeshi. Mwaka 2008 Randi alitangaza hadharani kwamba kampuni ikionyesha kifaa kinafanya kazi itachukua dola zake milioni moja. Hakuna aliyejitokeza. Iraq ilitumia zaidi ya dola milioni 80 kwa vifaa hivyo, na walinzi wa Baghdad walikuwa wakivielekezea magari barabarani katika mwaka uleule ambao milipuko ya Oktoba na Desemba 2009 iliua mamia ya watu katikati ya jiji. McCormick alifungwa miaka kumi mwaka 2013, baada ya makaburi kujaa.

Kwa hiyo zawadi peke yake haitoshi. Inahitaji mnunuzi anayekataa kulipa kabla ya jaribio: waziri, mkuu wa polisi, mhariri, mwenyekiti wa kijiji. Kule Marekani kundi liliwahi kuonyesha namna. Mwaka 2010 bangili za mpira zenye hologramu, zilizouzwa kwa jina la Power Balance, zilivaliwa na wanamichezo wakubwa na kuaminika kwamba zinaongeza uthabiti wa mwili na nguvu. Wapimaji wakawakusanya watu 16, wakawakimbiza kwenye vikwazo wakiwa wamevaa bangili halisi na nyingine zisizo na hologramu, bila mkimbiaji wala msimamizi kujua ipi ni ipi. Halisi haikuwasaidia kitu. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ilikiri kule Australia, kwa kubanwa na mamlaka ya kulinda walaji, kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuaminika. Mwaka uliofuata ikaomba kufilisiwa. Jaribio la watu wa kujitolea lilikuwa sehemu ndogo ya safari hiyo. Serikali iliyouliza swali lilelile ndiyo iliyofunga mlango.

Serikali zetu zimechagua njia nyingine. Sheria ya Uchawi ya Tanzania ni ya mwaka 1928, ya Kenya ni ya 1925, zote za mkoloni, na zote zinaadhibu: ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, ni kosa kujidai mchawi. Januari 2015 Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya wenye ualbino, na ndani ya miezi michache zaidi ya waganga 200 walikamatwa. Naunga mkono kila kamata iliyookoa uhai wa mtu. Lakini marufuku haijawahi kumwonyesha mwananchi kwamba ramli haioni. Inamwambia tu kwamba serikali haitaki. Mtu anayeamini kwamba mtoto wake ameuawa na jirani atasikia marufuku kama serikali kumlinda jirani, na atamtafuta mganga usiku.

Tulipata nafasi moja kubwa tukaiacha ipite. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alivuma kwa kutoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge. Bei ilikuwa shilingi 500, na alisema kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi porini. Walikuja kutoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, na viongozi wakubwa walikwenda kunywa. Sina shaka mzee yule aliamini ndoto yake, maana tapeli hatozi shilingi 500. Serikali ilisema dawa haina madhara kwa mnywaji, watu wakasikia kwamba inaponya. Zilikuwa sentensi mbili tofauti kabisa, na kati yake wapo waliotupa dawa zao za kufubaza virusi.

Kilichokosekana ni karatasi. Babu alikuwa amedai jambo linalopimika kuliko mengi: aliyekunywa amepona virusi. Wangechukuliwa watu 100 wenye VVU waliokwishaamua kwenda wenyewe, wakapimwa kabla ya kupanda gari, wakanywa kikombe kwa mkono wake kama alivyosisitiza, wakaendelea na dawa zao za hospitali kila siku, wakapimwa tena baada ya muda ambao Babu mwenyewe angeutaja na kuutilia saini. Wangapi wakikutwa hawana tena virusi ndipo tuseme kikombe kinafanya kazi? Angesema yeye. Kazi hiyo ingefanywa na wauguzi wachache wa kujitolea pamoja na mwalimu mmoja wa hesabu. Mzee amefariki mwaka 2021, na hadi leo ukiuliza kijiweni kama kikombe kiliponya utapata ubishi uleule wa 2011, kila upande na shuhuda zake.

Nawasikia watakaosema kwamba upimaji wa aina hii ni wa wazungu na umekuja kudharau tiba zetu. Waende kwenye zahanati iliyo karibu wakaulize mseto wa malaria umetengenezwa na nini. Ndani yake mna dawa iliyotokana na mmea ambao vitabu vya tiba za jadi za China viliutaja zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Bi Tu Youyou na wenzake waliusoma ule mstari wa kale katika miaka ya 1970, wakaupima, wakakosea, wakapima tena kwa kuukamua bila moto mkali, na ukafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dai la jadi lilipimwa likashinda, na watoto wetu wamepona kwa hilo. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, na ina waganga wa mitishamba wasiomtaja mtu yeyote kwa uchawi. Hao ndio ningewaalika kwanza mezani, kwa sababu wapiga ramli wanawachafulia jina kila siku.

Kazi hii ina hatari, na sitaki mtu aingie akidhani ni mchezo. Nchini India Dakta Narendra Dabholkar alianzisha mwaka 1989 jumuiya ya watu wa kujitolea katika jimbo la Maharashtra, wakizunguka vijijini kuonyesha hila za wale wanaojiita watakatifu na kudai sheria dhidi ya ukatili unaofanywa kwa jina la miujiza. Asubuhi ya tarehe 20 Agosti 2013, akiwa matembezini mjini Pune, alipigwa risasi akafa. Sheria aliyoipigania miaka mingi ilitangazwa siku chache baadaye. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu wanaume wawili kifungo cha maisha kwa mauaji yake. Wenzake hawakuacha kuzunguka vijijini.

Kundi la kwetu lisianze na zawadi kubwa wala jukwaa la televisheni. Lianze na watu saba au wanane wanaoaminika mahali walipo: muuguzi, mwalimu wa hisabati, mtu wa sheria, mganga wa mitishamba aliyesajiliwa, shehe au mchungaji anayeheshimika, mwanamazingaombwe wa sherehe za watoto, na mama mtu mzima anayekijua kilugha cha pale na historia ya kila ugomvi wa mpaka wa shamba. Liwe na sharti moja lisilovunjwa kamwe: jaribio halihusishi jina la mtu aliye hai. Tunapima macho ya anayedai kuona, kwa vitu tu.

Kamchape wakija, basi, na kusema wanaona kilichofukiwa, wapewe vyungu kumi vilivyofunikwa uwanjani mbele ya watu wote, kabla hawajakanyaga kizingiti cha nyumba yoyote. Chungu kimoja kina pembe. Aliyeiweka ameshaondoka kijijini na hatarudi hadi jioni, na waliobaki hakuna anayejua ni kipi. Wafichuaji waingie uwanjani wamevua makoti, mikono imeonyeshwa. Wachague chungu kimoja, kifunuliwe, vipangwe upya na mtu mwingine, naye aondoke. Raundi tano, na wameandika wenyewe asubuhi watapatia ngapi. Michango ya wananchi ikae kwa mtendaji mpaka jua linazama. Wakipatia zote tano watakuwa wameonyesha kwamba wanaona pembe ndani ya chungu, na hilo ni jambo kubwa linalostahili safari ya Los Angeles kuchukua dola 500,000. Bado watakuwa hawajaonyesha kwamba bibi wa nyumba ya tatu ameua mtoto wa mtu. Hilo ni dai jingine, na hakuna chungu kinachoweza kulithibitisha.